Jumuiya ya Kupigwa Picha

Jarida huru la usanifu na kazi za mikono likizinduliwa, huahidi "kujenga jumuiya" ya wabunifu, kana kwamba Mtwara hakuna. Mmakonde wa huko huchonga gogo moja la mpingo likatoa ukoo mzima, mtu kapanda begani kwa mtu, mtindo uitwao ujamaa. Jumuiya gani tena? Mtasema wachongaji wanahitaji kutangazwa. Kweli, soko limewavuta wengi hadi Mwenge, Dar es Salaam. Ila tangazo lenyewe ndilo hili: mpiga picha hutajwa jina, mhariri majina matatu, na aliyeshika tezo huitwa "fundi wa Kimakonde". Nakala huuzwa mkahawani, bei ya kinyago kidogo. Mikindani, hukohuko Mtwara, hazifiki; huenda jumuiya bado inachangishana nauli.