Siku ya Chanjo, Mbwa Hana Mwenyewe

Usiku mtaani kwetu kila nyumba ina mbwa. Pita saa tano uone: unabwekewa kuanzia kwa fundi cherehani hadi kisimani, na ukithubutu kuokota jiwe, mwenye mbwa anatoka na taulo kiunoni kukuuliza mnyama wake kakukosea nini. Sasa ngoja mjumbe apite na kipaza sauti kutangaza kwamba kesho bwana mifugo atakuwa uwanja wa shule na chanjo ya kichaa cha mbwa, bure. Mbwa wote wanakuwa yatima. "Huyu? Wala si wangu, anakujaga tu kula makombo." Na hapo mbwa kalala mlangoni kwake, mnyororo shingoni.

Wanaofika uwanjani ni watoto. Wanakokota mbwa kwa kamba za katani, vipande vya kanga, mmoja kamfunga wake kwa mkanda wa baba yake, na sitaki kujua baba aliendaje kazini.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta yeye ana hoja. "Jirani, huyu nilimlisha nyigu angali mdogo. Ugonjwa utamwingilia wapi?" Nyigu! Ana hela ya kumlipa fundi aandike MBWA MKALI getini kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za mgombea ubunge, ila kumtoa mbwa hatua mia mbili akachomwe sindano ya bure ni usumbufu.

Na hatuzungumzii mafua hapa. Kirusi cha kichaa kinakaa kwenye mate, kinaingilia kwenye jeraha, kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Dalili zikishaanza, iwe kwa mbwa au kwa binadamu, kupona ni jambo lisilotarajiwa. Duniani inakadiriwa watu wapatao 59,000 hufa kwa mwaka, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Dunia imejua la kufanya tangu wakati huo. Mtaa wetu bado unatafakari. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita. Tatizo ni kwamba kila mwenye mbwa hapa anajihesabu yumo kwenye wale 30.

Mimi wangu anachanjwa, na nalalamika vilevile. Kichaa peke yake hakisumbui: anachomwa akifikisha miezi mitatu, kisha anarudiwa kama kadi inavyosema, kwetu kila mwaka. Kinachomaliza mfuko ni ile sindano nyingine ya mchanganyiko, ya pavo, distempa na homa ya ini. Unaanza kitoto kikiwa na wiki sita hadi nane, halafu daktari anasema rudi baada ya wiki tatu au nne, halafu rudi tena, mpaka kifike wiki 16. Nilimuuliza kwa heshima zote kama ananijengea au anajenga kwake. Akanieleza kwamba mtoto wa mbwa hunyonya kinga kwa mama yake katika maziwa ya kwanza, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo kufanya kazi. Huisha siku tofauti kwa kila kitoto, kwa hiyo sindano inarudiwa ili mojawapo ikute mlango wazi. Nilitafuta kasoro kwenye maelezo hayo ili nigome. Sikupata, nikalipa.

Pavo yenyewe ni mharo wa damu, kitoto kinaweza kwisha ndani ya siku chache, na kirusi kinabaki kwenye udongo wa ua miezi mingi kikimsubiri atakayefuata. Distempa nayo haichagui. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Kama simba wa mbugani aliangushwa, mla nyigu wa jirani yangu ni nani?

Msiniulize habari za paka. Watu wanaamini paka anajitibu mwenyewe kwa majani. Paka ana chanjo zake, za mafua ya paka na ile panlukopenia, ndugu yake pavo, inayofagia vitoto vyote vya uzao mmoja. Na kichaa anakipata pia, tena kucha anazo na kitandani kwako analala. Wangu nilimpeleka ndani ya tenga la kuku. Dereva wa bajaji akadai nauli ya wawili. "Bosi, si anapumua?" Njia nzima paka alilia kana kwamba nampeleka kumuuza, na abiria wa daladala wakanitazama vibaya kwenye foleni.

Ukitafunwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Chanjo ya binadamu ina tarehe zake za kurudi na bei yake, na hiyo hatangazi mjumbe.

Nawe jirani, kampeni ikirudi, kamba ninayo. Mbwa akiwa si wako, nipe mimi nimpeleke, ila lile tangazo la getini ulifute.