Kilio cha Watu Nisiowajua

Tangu Jumamosi avenyu yetu hapa Mulongwe, Uvira, inaamini nimefiwa. Nikipita njiani watu wananipa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Muuza makala amenipunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niwe mteja wake. Wala hakuna aliyekufa. Nilianika picha tu.

Picha zenyewe nilizipata sokoni kwa mama muuza ndagala. Alikuwa amezitandika chini ya mafungu yake ili samaki wasishike mchanga, kila fungu na mtu wake: bwana mwenye koti juu ya kanzu kabebeshwa fungu la franga elfu, bibi arusi kabebeshwa fungu dogo la nyongeza. Nyingine zilikuwa chini ya meza, bunda moja limegandamana. Nikauliza ni za nani. “Za wenyewe,” akajibu. Nikauliza wenyewe wako wapi. Akaniuliza nanunua samaki ao sinunue.

Hapa panahitaji maelezo, ingawa mke wangu akisikia nayaanza huondoka chumbani. Picha ya zamani ni karatasi iliyopakwa supu. Sitanii. Jelatini, ule utelezi unaopatikana ukichemsha mifupa na ngozi za ng'ombe, huchanganywa na chumvi ya fedha, fedha ile ile ya pete, kisha hupakwa kwenye karatasi gizani. Mwanga ukiipiga, jicho halioni kitu. Dawa ya kwanza ndiyo inayoigeuza chumvi iliyopigwa na mwanga kuwa chembe nyeusi za fedha, na dawa ya pili huondoa ile ambayo mwanga haukuifikia. Kwa hiyo koti jeusi la yule bwana ni fedha tupu, na kanzu yake nyeupe ni karatasi iliyoachwa wazi. Nikiliwaza hilo nakosa usingizi. Mende yeye hawazi, anaona supu. Ndiyo maana kijana mmoja katika picha hizi ana suruali iliyopigwa pasi vizuri na hana uso.

Zaidi ya hapo, baadhi ya picha hizi ni kadi za posta. Viwanda kama Gevaert cha Ubelgiji viliuza karatasi ya picha ambayo mgongo wake umeshachapwa kadi. Studio inakupiga picha, unabandika stempu, unajituma mwenyewe kwa shangazi. Nyuma kuna mstari wa katikati, kushoto salamu, kulia anwani, mtindo ulioanzia Uingereza mwaka 1902. Kabla ya hapo salamu uliziandika upande wa picha. Kwenye kadi zangu wino umekimbia, limebaki neno Usumbura, jina la Bujumbura kabla ya uhuru wa Burundi mwaka 1962. Majina ya watu, hakuna hata moja.

Sasa jelatini ikinywa maji huvimba, na ikikauka hushika chochote kilichoilalia. Dawa ya picha zilizogandamana ni maji tena: safi, ya baridi, na subira. Ukivuta unawachuna watu ngozi. Ukitia maji ya moto, supu inarudi kuwa supu. Nikaloweka bunda kwenye beseni mpaka zikaachana moja moja, nikazibana kwenye kamba ya nguo, sura zikitazama njia, nikaingia ndani kunywa chai.

Niliposikia sauti nikachungulia. Parseli imejaa. Mama jirani ametandika mkeka chini ya kamba, amejifunga kitenge kiunoni, amekaa.

“Pole, Papa. Alikufa nani?”

“Hakuna mutu alikufa, Mama.”

Akaitazama kamba. “Na hawa?”

“Siwajue.”

Akamgeukia mwenzake, akashusha sauti: “Huzuni imemupanda kwenye kichwa.”

Wakaingiza sukari. Wakaingiza makala. Kiongozi wa kwaya akauliza marehemu walipenda wimbo gani. Shefu wa avenyu akaja na daftari, akataka kujua kwa nini msiba mkubwa hivi haukuandikishwa, na imekuwaje wote wakafa pamoja, au ni sumu. Mzee mmoja akaigundua pua yangu kwenye uso wa yule bwana wa koti, akanisuta mbele za watu kwa kumkana babu yangu. Mama mmoja akawa analia kwelikweli, akimlilia bibi arusi, na alipoulizwa alikuwa nani akasema hajui, ila alikufa mdogo sana. Nikasimama kueleza jelatini. Nilipofika kwenye mifupa iliyochemshwa, nusu ya waombolezaji wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Shefu akaandika kitu kwenye daftari, akakataa kunionyesha.

Kesho yake mbuzi alikula kadi moja. Binti yangu alimchorea bibi arusi sharubu.

Kuna jambo, hata hivyo, ambalo halinichekeshi. Kadi nyingi zilizochapwa za kuuzwa wakati wa Mbelgiji zina jina la mchapaji wa Bruxelles pembeni, na chini ya mama aliyebeba mtungi pameandikwa “mwanamke mwenyeji”, basi. Picha ambazo wapiga picha wa serikali ya koloni, wa Inforcongo, walizipiga miaka ya 1950 ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, pakavu, mbali na mende. Zetu zilipotea kwenye vita vya Oktoba 1996, watu walipokimbia na watoto mgongoni, si na albamu. Nyingine zilizolewa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoingia majumbani. Mjukuu wa Uvira anayetaka kuishika mkononi picha ya babu yake aombe kwanza viza, na akifika huenda akakuta babu ameandikwa “mpagazi”.

Basi, msomaji, kabla hujaniletea sukari, toa picha zilizo chini ya godoro lako. Geuza kila moja, andika kwa penseli laini jina, jina la baba, mahali na mwaka. Usitumie biki: ncha yake huacha alama mpaka mbele. Zilizo kwenye simu zichapishe, hata chache. Wazee wanaowajua watu hao bado wako hai. Waulize mwaka huu.