Jinsi ya Kuuhadaa Utumbo

Sogea karibu, hili si la kupigia kelele. Mtu akiharisha, mwili wake unafunga milango. Nitakuonyesha pa kupenya.

1. Usipambane na maji. Utando wa seli ni wa mafuta, chumvi haipenyi bila protini ya kuivusha. Maji yenyewe ni wafuasi tu: huenda kule chumvi na sukari zilikozidi. Ndiyo osmosisi. Ingiza chumvi, maji yatajileta.

2. Pita mlango wa nyuma. Sumu ya kipindupindu huzilazimisha seli za utumbo kumwaga kloridi, sodiamu na maji yakafuata. Mgonjwa aweza kupoteza lita nzima kwa saa. Ukimpa maji ya chumvi tupu, utumbo hauyafyonzi. Lakini ipo protini ambayo sumu hiyo haiiharibu, ile ivushayo glukosi, nayo ina udhaifu mtamu: kila molekuli ya glukosi inayoingia huingia na sodiamu mbili. Basi itangulize sukari, chumvi ipenye nayo. Robert Crane aliieleza hila hii mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipojaa Bangaon, India, kipindupindu kikawashika na dripu zikakaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi. Vifo kambini vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

3. Changanya. Maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Usifanye ukarimu hapa! Sukari ikizidi, osmosisi inakugeuka na kuyavuta maji ya mwili kurudi tumboni. Ndiyo maana soda haifai. Ukipata pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa namna hii uliopimwa tayari, tumia hiyo, vipimo vyake ni sahihi zaidi.

4. Wahadae na ndugu. Watataka dripu, kwa kuwa mgonjwa aliyetundikiwa chupa ndiye anayeonekana katibiwa. Usibishane. Mpe shangazi kijiko na umsifu kwa kila anachonywesha. Mgonjwa akitapika, ngojeni dakika 10, muendelee polepole.

5. Jua hila inapoishia. Aliyezimia au asiyeweza kunywa anahitaji dripu kweli. Usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Leo ukipita duka la dawa, nunua pakiti mbili za ORS uziweke kabatini.