Sifa za Mkono Ulioishia Sikioni

Mwenyekiti wa kijiji anaposimama chini ya mwembe na kutangaza, "Haya, wanaotaka niondoke wanyooshe mikono," hujitokeza mikono ya aina tatu. Upo unaopaa mara moja kama mlingoti wa bendera. Huo ni wa kijana asiye na ng'ombe, asiye na shamba, asiyetarajia kuomba barua ya mtu. Upo unaobaki mapajani. Huo ni wa shemeji yake mwenyekiti. Na upo wa tatu, unaoinuka kwa ari, ukifika usawa wa sikio ukaghairi, ukajikuna kisogo, ukaweka kofia sawa, kisha ukashuka taratibu kana kwamba tangu mwanzo ulikuwa na shughuli zake nyingine. Mkono huo wa tatu haujawahi kupewa hata neno moja la shukrani. Leo nausifu.

Nausifu kwanza kwa elimu yake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kauli ya juu kijijini. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye mamlaka ya kumwondoa mjumbe mmoja au kuwaondoa wote. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Mkono wetu unayajua hata yasiyoandikwa: anayeitisha mkutano ni mwenyekiti, anayeuongoza ni mwenyekiti, na siku hiyo anayejadiliwa ni mwenyekiti. Mshitakiwa amekalia kiti cha hakimu, tena ndiye anayehesabu mashahidi. Mbele ya mahakama ya namna hiyo, mkono wenye akili haukurupuki.

Nausifu pia kwa kuona mbali. Mikono mingine huona ajenda ya leo tu: mapato na matumizi hayajasomwa tangu mvua za mwaka juzi. Huu wetu unaona Jumatatu. Jumatatu kuna ng'ombe wa kupeleka mnadani, na bila barua ya kijiji ng'ombe wako ni wa wizi mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwezi ujao kuna mtoto anayehitaji utambulisho wa kwenda kujiandikisha, mpwa anayehitaji mdhamini polisi, shamba linalohitaji shahidi wa mipaka. Kila njia inapita kwenye meza moja yenye muhuri mmoja. Wahenga walisema, mkono usioweza kuukata, ubusu. Mkono wetu umeongeza busara juu ya busara: unaubusu kwa mbali, huku ukijikuna.

Hapa ndipo ukanda wa dhahabu unapouzidishia heshima. Kwenye kijiji cha pamba na viazi, mwenyekiti akikalia daftari la mapato, ugomvi unaweza kuishia kwenye mabati ya darasa moja. Lakini toka Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, uende Mbogwe, upite Nyarugusu na Rwamgasa hadi Katoro na Geita mjini: ardhi huko inaweza kubadilisha thamani usiku mmoja. Dhahabu ikilipuka porini, tukio ambalo wachimbaji huliita rashi, ndani ya wiki moja huota mji wa maturubai, maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yakachimbwa, makarasha ya kusagia mawe yakaanza kunguruma, na mama lishe wakafika na masufuria kabla ya serikali. Ndipo swali la nani mwenyeji na nani mgeni, shamba lilikuwa la nani na mpaka ulipita wapi, linapogeuka kuwa swali la mifuko ya mawe. Na anayeulizwa kwanza ni yuleyule wa chini ya mwembe. Mwambie sasa mwenye shamba lililo hatua mia moja kutoka kwenye duara linalotoa anyooshe mkono wima. Atakutazama kama mtu aliyelala juani.

Kuna wanaousingizia mkono huu woga. Hao hawajakaa Usukumani. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia pande hizi za Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliwanyima usingizi wezi wa ng'ombe, lakini pia walimkumbusha kila mtu uzito wa adhabu ya kutengwa: huombi moto kwa jirani, husalimiwi njiani, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Aliyewahi kuona mji wa aliyetengwa hanyooshi mkono kabla ya kuhesabu wangapi watakuja msibani kwake.

Wala si kweli kwamba nchi hii haikujua kumng'oa kiongozi. Enzi za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, wazee walioitwa banang'oma ndio waliomsimika mtemi na ndio waliokuwa na uwezo wa kumvua, hasa mvua ilipogoma na mifugo ikaanza kuanguka. Mtemi alijua hilo, na kila wingu lililopita bila kunyesha lilimkosesha raha. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963. Tukaondokewa na watemi, tukabaki na ukame, na kazi ya banang'oma ikakabidhiwa mkutano mkuu wa kijiji, wenye mikono inayojikuna.

Na mkono huu una ndugu wakubwa. Mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana Dodoma, lilitumia siku nyingi likibishana kama kura zipigwe kwa wazi au kwa siri. Waheshimiwa wenye posho, walinzi na viyoyozi waliogopa kuonekana wamekaa upande gani, hata ikabidi njia zote mbili ziruhusiwe. Iwapo wao walihitaji pazia, mzee wa Rwamgasa mwenye jembe na mbuzi wanne ana kosa gani akitumia kofia? Bunge hilohilo lilipokea rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba iliyowapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na Katiba Inayopendekezwa ilipotoka mwezi Oktoba, haki hiyo haikuwemo. Huo nao ulikuwa mkono ulioishia sikioni, ila wa ukubwa wa taifa.

Jirani zetu Wakenya waliiandika haki hiyo kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 104. Sheria ikadai saini za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa pamoja na vizingiti vingine, hadi mwaka 2017 Mahakama Kuu ilipobatilisha baadhi ya vifungu vyake. Hakuna mbunge aliyeng'olewa kwa njia hiyo. Na wao ndio walioonja uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, mpiga kura alipotakiwa kupanga foleni hadharani nyuma ya picha ya mgombea wake. Anayejua mlolongo hatauliza kwa nini mikono ya watu ni mizito.

Kwa kijana anayetaka kujifunza sanaa hii, kanuni ni chache. Usikae mbele, utaonekana. Usikae nyuma, huko ndiko walipo mgambo. Kaa katikati, kushoto kwa mtu mrefu. Njoo na kofia hata kama hakuna jua. Wito ukitolewa, inua mkono kwa mwendo wa jirani yako, wala usimtangulie. Ukifika sikioni, simama, zungusha macho. Mikono ikiwa mingi, wako ulikuwa njiani kupanda. Ikiwa michache, ulikuwa unafukuza nzi. Hivyo utaondoka umeshinda pande zote mbili: mwenyekiti akibaki, ulikuwa naye, akiondoka, uliongoza mapambano.

Ila sifa za kweli haziachi kasoro za msifiwa. Mkono huu una doa moja. Ukihesabiwa peke yake hauna madhara, lakini mkutano mzima ukijaa mikono ya namna hii, mwenyekiti hubaki miaka mitano na daftari la mapato hubaki kabatini. Ndipo jioni, kwenye kahawa, mikono ileile hupaa juu kwa hasira kulalamika kwamba kijiji hakina watu.

Tena kuna jambo dogo ambalo mkono wetu, kwa hekima yake yote, haujaliuliza. Tarehe 27 Novemba 2024, wenyeviti wa vijiji walichaguliwa kwa karatasi na sanduku, mtu akiingia peke yake mahali pa faragha. Kwa nini basi aliyeingia kwa siri atolewe kwa wazi? Ikiwa kura ya siri ilitosha kumweka mtu kwenye kiti chenye muhuri, inatosha kumwinua. Gharama yake ni kurasa chache za daftari la shule zilizokatwa vipande, kalamu kadhaa, na ndoo yenye mfuniko.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Geita, Kahama, Kishapu na kwingineko, mkutano mkuu ujao ukiitishwa, nenda. Kabla ajenda ya kumjadili mwenyekiti haijafunguliwa, simama uombe jambo moja tu: kura ipigwe kwa karatasi, na karatasi zihesabiwe palepale mbele ya wote. Kwa ombi hilo mkono unaweza kunyooshwa hadi mwisho, kwa sababu humtaji mtu. Na usiinuke peke yako. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.