Sifa za Bwana Hapana

Washairi wamewasifu wafalme, warembo na hata kahawa. Bwana Hapana nani amemkumbuka? Namsemea yule anayemfikia mwanamuziki aliyepeleka wimbo wake utumike kwenye filamu au tamthilia: "Wimbo mzuri sana, ila kwa sasa hautufai." Sentensi moja, pongezi humo humo, na hakuna fomu ya kujaza. Posa ngapi hukataliwa kwa adabu kiasi hicho?

Tena hana ubaguzi. Mtunzi wa muziki wa filamu Alex North aliteuliwa kuwania Oscar mara 15 asishinde hata moja, ndipo mwaka 1986 akapewa ya heshima. Ndiye huyu ambaye mwongozaji Stanley Kubrick alimwita London amtungie muziki wa 2001: A Space Odyssey. North akafanya kazi hadi mwili ukagoma. Studio alipelekwa kwa gari la wagonjwa, na mwenzake ndiye aliyeongoza okestra. Filamu ilipoonyeshwa New York mwaka 1968, alikaa akisubiri kusikia kazi yake. Hakusikia hata noti moja. Rekodi za watu wengine, ambazo Kubrick alizitumia kushikizia picha wakati wa kuhariri, zilikuwa zimemnogea, akaziacha zibaki.

Mmemhurumia? Mtazameni basi aliyepata Ndiyo. Mtunzi György Ligeti alikuta muziki wake umo ndani ya filamu ile ile, na yeye mwenyewe hakuulizwa. Nani kati ya wawili hao alivunjiwa heshima zaidi, mtaamua wenyewe.

Maana Ndiyo, jamani, ina mambo. Leseni ni mbili: ya utunzi na ya masta, yaani rekodi yenyewe. Kama mlitunga watu wanne, wote wanne waridhie, na mmoja lazima atakuwa amebadilisha namba ya simu. Kama mdundo una kipande mlichochota kwenye rekodi ya mtu, naye atafutwe. Mkishamaliza kununiana kuhusu asilimia, unaketi na ukoo mzima mbele ya runinga, na wimbo wako wa dakika nne unasikika sekunde sita, nyuma ya mlango wa baa, huku mhusika akiuliza choo kiko wapi. Hapana hajawahi kumkata mtu kibwagizo.

Lakini mkubwa wao ni kaka yake, Kimya, na ndiye anayetujibu wengi wetu. Hasemi wimbo unafaa, hasemi haufai. Anakuachia umri wako wote uamini kwamba msimamizi wa muziki bado anausikiliza. Hata bando hali.

Kwa hiyo mkiniona na simu isiyolia, msinipe pole. Nipeni hongera. Na kama kuna anayemjua msimamizi mwingine anayepokea nyimbo, anitumie baruapepe yake leo hii, kabla hawajafunga.