Tangi Lililozama Ardhini

Ndani ya programu ya kukokotoa miundo, fremu ya chuma haina unene. Kila nguzo na kila boriti huchorwa kama mstari mmoja unaopita katikati ya chuma, na ncha za mstari huo huitwa nodi. Upana, unene na aina ya chuma hujazwa kwenye visanduku vya pembeni. Kila nodi ina njia sita za kwenda: kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu. Kwa kuwa mstari una nodi mbili, ugumu wake huandikwa kwenye jedwali la namba la 12 kwa 12. Programu huyaunganisha majedwali yote, hutatua milinganyo na kutoa jibu chai ikiwa bado ya moto. Mtindo huu wa kuukata muundo vipande vipande ulipewa jina lake na Ray Clough wa Marekani mwaka 1960. Ufundi wa kuukosea haukuhitaji mtu wa kuupa jina.

Kwa mji wa kisiwani kama Nansio, mfano mzuri ni mnara wa simtanki: nguzo nne za mita 3, boriti nne juu yake, na tangi la lita 5,000. Maji peke yake ni tani 5, yaani kama kilonyutoni 49. Chuma huja kwa vipande vya mita 6, ama kwa meli kutoka Mwanza, ama kwa barabara hadi Kisorya na kuvushwa kwa kivuko hadi Rugezi. Ukikosea hesabu kisiwani, huwezi kumtuma kijana wa bodaboda duka la pili.

Balaa la kwanza ni vipimo. Moduli ya Young ya chuma, yaani kipimo cha ugumu wake, ni kama 200,000, lakini ni nyutoni kwa milimita ya mraba. Injinia mgeni huikumbuka namba na kusahau kilichoambatana nayo, akaiandika kwenye modeli inayohesabu kwa kilonyutoni na mita, ambako ilipaswa kuwa 200,000,000. Chuma chake sasa ni laini mara elfu. Boriti iliyopaswa kubonyea milimita 4 inabonyea mita 4, na kwa kuwa mnara ni wa mita 3, tangi limepita msingi na kuzama mita moja ardhini. Programu haishtuki hata kidogo. Hesabu yake ya kawaida huchukulia kwamba mabadiliko ya umbo ni madogo, na hakuna aliyeiambia kwamba chini kuna ardhi. Inaandika jibu hadi desimali ya sita.

Balaa la pili ni baya zaidi kwa sababu lina adabu. Mistari miwili ikigusana kwenye skrini, jicho huona kiungo. Programu huona kiungo pale tu mistari inapotumia nodi moja. Boriti iliyoishia milimita 2 kabla ya nguzo inaning'inia hewani. Ikiwa haikushikwa hata ncha moja, programu hugoma na kulalamika kwamba muundo hauna uthabiti. Kisiwa jirani cha Ukara kina jiwe mashuhuri linalocheza na watu huenda kulitazama. Programu haina moyo wa utalii wa namna hiyo. Lakini boriti ikiwa imeshikwa ncha moja, hesabu inapita kimya kimya, na boriti iliyokusudiwa kulala juu ya nguzo mbili inabeba mzigo kwa mkono mmoja.

Kisha kuna suala la upande. Fundi yeyote wa kenchi anajua kwamba mbao ya mbili kwa nne ikisimamishwa hubeba, na ikilazwa hupinda: ugumu wake wa kupinda hutofautiana mara nne. Bomba la mstatili nalo lina tabia hiyo, ila mstari hauna kulala wala kusimama. Usipoeleza mhimili wa kipande, programu hujichagulia, kisha inaficha uamuzi wake nyuma ya kitufe ambacho hakuna anayekibonyeza.

Miguu nayo inataka ukweli. Kuandika kwamba nguzo imeshikwa kabisa ni rahisi. Sahani nyembamba yenye bolti mbili kwenye zege, hata hivyo, inakaribia zaidi kuwa bawaba. Nguzo zote zikiwa na bawaba chini na boriti zikiwa na bawaba juu, mnara unalala ubavu bila hata upepo, ndiyo maana fundi huweka vyuma vya mshazari bila kumsubiri injinia.

Ukaguzi wa haraka ni kujumlisha nguvu zinazotoka miguuni. Zikiwa chini ya kilonyutoni 49, kuna mzigo uliosahaulika. Zikizidi sana, huenda mistari ilinakiliwa mara mbili, na mnara una nguzo nane zilizosimama mahali pa nne.

Picha ya umbo lililopinda ionyeshwe kwa tahadhari, kwa sababu programu huikuza mara mia ili ionekane. Mwenye nyumba akichungulia, mazungumzo hayakwepeki.

"Kijana, mbona limeinama hivi?"

"Hapana mzee, hapo nimekuza tu."

"Sasa wewe unakuza ubovu ili iweje?"

Hesabu inayosahaulika kuliko zote ni ya tangi tupu. Dhoruba za Ziwa Victoria hupenda usiku, na tangi la plastiki lisilo na maji hubebwa na vijana wanne, seuze upepo. Wakati huo nguvu za miguuni hubadili mwelekeo: badala ya kusukuma chini, nguzo ya upande wa upepo huvuta juu. Kwa hiyo bolti za msingi na nyaya za kulifunga tangi hupimwa kwa tangi tupu, na mwenye nyumba akioneshwa bei ya vifaa hivyo huuliza kwa nini alipie kushikilia tangi lisilo na kitu ndani.