Muulize Babu Bobini: Sindano Zangu Zimechanganyika!

*Shikamoo Babu. Mimi ni fundi wa magauni hapa Tanga. Sindano zangu zote za cherehani nimezitia kwenye kikopo kimoja cha losheni. Jana nimeshona dera kwa sindano ya jinzi, limetoboka kama chujio la tui. Nifanyeje? — Aliyechomwa, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara moja tu. Mtu wa uzoefu wangu hahitaji mara mbili. Nilianza kushona miguu yangu ikiwa bado haifiki kwenye pedali, nikawa naivuta kwa kamba. Nimeshona kanzu za maharusi, sare za shule, maturubai ya malori, na suruali moja ambayo mwenyewe alipoivaa alilia, na hadi leo sijajua kama ni kwa furaha.

Hebu nikusimulie hiyo suruali. Ilikuwa jinzi nzito, pale mishono inapokutana mapajani pana unene kama mkate. Mafundi watatu wa mtaa wetu walishaikimbia. Mimi nikatia sindano 110, nikavuta pumzi, nikakanyaga. Mtaa mzima ukanyamaza. (Mke wangu anasema mtaa ulinyamaza kwa sababu umeme ulikatika na redio zikazimika. Mke wangu ana tabia mbaya ya kukumbuka mambo.)

Umeisikia hiyo 110? Ndiyo unene wa sindano: milimita moja na kumi ya mia. Ya 90 ni milimita 0.9, ya 70 ni 0.7. Ile namba ndogo iliyofuata mkwaju, kama 90/14, ni hesabu nyingine ya unene uleule, isikutishe. Dera lako lilikuwa linaomba 70, wewe umelipelekea msumari. Na kama ni jezi au kitambaa chochote kinachovutika, tafuta sindano ya ncha butu, ambayo hupenya kwa kusogeza nyuzi pembeni badala ya kuzikata. Elimu hii nilipaswa kukutoza.

Sasa dawa. Nunua daftari la kaunta. Kila sindano iandikwe namba, saa ya kutoka na saa ya kurudi, na isaini. Nilijaribu kwa wiki nzima. Jumatano sindano 80 ilitoka saa mbili asubuhi, haikurudi. Nikaiandikia barua ya onyo. Alhamisi nikaiandikia ya pili. Jumamosi tukaenda harusini, nikakaa, nikaipata. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nilivikwa sindano, na si chandani.

Hilo likikushinda, mwaga kikopo chako mezani, juu ya kitambaa cheupe, halafu tenga koo mbili. Yenye shina lililobapa upande mmoja ni ya cherehani ya nyumbani. Yenye shina la mviringo pande zote ni ya ile cherehani ya kiwandani iendayo mbio. Hizo usizilaze chumba kimoja. Kisha soma namba. Imegongwa shinani kwa maandishi yaliyokusudiwa sisimizi wenye miwani, basi isugulie chaki nyeupe kidogo, uipige picha kwa simu, uikuze. Mimi naisoma kwa macho matupu. Ndiyo maana nilishona shela la bibi harusi mmoja kwa sindano 100.

Wapo watengenezaji wenye huruma, kama Schmetz wa Ujerumani, wanaotia michirizi ya rangi shinani: ya chungwa ni 80, ya samawati 90, ya zambarau 100. Lakini usiku, taa ya chumbani kwangu haitofautishi samawati na zambarau. Shela lile tena.

Usidhani sindano ni kitu cha kudharau. Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1846, na siri kubwa ilikuwa tundu kukaa nchani badala ya kule nyuma kama ya mkono. Wanasimulia kwamba alioteshwa: watu walimzingira na mikuki yenye matundu kwenye ncha. Ndoto nzuri. Mimi pia niliwahi kuota sindano, nikaamka nimelalia moja.

Umesema uko Tanga. Hapo chumvi ya bahari inakula mabati, itaiacha sindano? Sindano yenye kutu hukata uzi na kuchana kitambaa. Wengine hutia punje za mchele koponi zinyonye unyevu. Nilifanya hivyo, kopo nikaliacha jikoni, jioni mke wangu akalichukua kupika pilau. Tulikula kwa utulivu mkubwa usiku ule, kila mtu akitafuna kama anasikiliza redio ya mbali. Tangu hapo natumia kile kifuko chenye chembechembe kinachokuja ndani ya boksi la viatu vipya, kile kilichoandikwa usile.

Nyumba bora ya sindano ni pakiti yake yenyewe, kwa sababu namba na aina vimeshaandikwa pale na aliyezitengeneza. Tatizo ni ile iliyoanza kazi kidogo halafu ukaichomoa. Hiyo si mpya, wala si mzee. Shona mto mdogo, uugawe kwa mistari kama chungwa lililomenywa, kila kipande ukiandike namba yake, uichomeke nyumbani kwake. Na iliyomo ndani ya cherehani, hiyo ndiyo inayosahauliwa na kila fundi isipokuwa mimi, funga kipande cha kitambaa chenye namba kwenye mkono wa mashine. Ikishatimiza kama saa nane za kushona, mstaafishe. Atupwe kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko, siyo jalalani wanakopita watoto pekupeku.

Mpangilio huu wote niliuvumbua mimi. Mke wangu aliutumia tu miaka kumi kabla sijauvumbua.

Ningekueleza pia namna nilivyoshona koti bila kipimo, lakini kuna mjukuu naona analifungua lile kopo la biskuti, na ndani yake hakuna biskuti tangu 1998. Basi: pakiti, mto, kitambaa mkononi mwa mashine, na hilo dera litie maua juu ya matundu, umwambie mteja ni fasheni.

Wewe wa Mombasa uliyeuliza mkasi uwekwe wapi usipotee, jibu lako wiki ijayo, nikishaupata wangu.